Mdogo Wangu, Unautaka Ubingwa wa Ugumba?

Madaktari wanaomaliza mafunzo kazini hunijia na swali lile lile: "Dokta, nataka kufanya kazi kama yako, nianzie wapi?" Nikiwauliza kwa nini, wengi hutaja ubao. Kliniki nyingi za uzazi huwa nao: picha za watoto wachanga, mapacha waliovalishwa sare, kadi za shukrani. Siwacheki, maana hata mimi niliingia kwa mlango huo. Ila ukweli ni kwamba mizunguko mingi ya IVF, yaani kurutubisha yai maabara nje ya mwili kisha kulirudisha tumboni, haileti mtoto, hata kwenye vituo bora, na waliorudi nyumbani mikono mitupu hawana picha ubaoni. Hao ndio wagonjwa utakaokuwa nao zaidi. Kama hilo halijakukimbiza, endelea kusoma.

Tuanze na miaka, kwa sababu hapo watu hujidanganya. Shahada ya udaktari inakula miaka 5 au 6, mafunzo kazini mwaka 1, kisha ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, miaka 3 au 4 na sehemu nyingine hata zaidi. Ndipo unaomba ubobezi wa ugumba na homoni za uzazi, miaka 2 au 3 tena. Na nafasi hizo za mwisho ni chache, unaweza kukataliwa mara mbili kabla hujapata.

Miaka ile ya kati, ya leba na zamu za usiku, wengi huivumilia kama foleni. Mimi niliilaani waziwazi. Nilijiona nimekuja kusomea viinitete, yaani mayai yaliyorutubika na kuanza kugawanyika, kumbe kazi ni kushona michaniko saa tisa usiku. Nilijua thamani yake siku yangu ya kwanza ya kutoa mayai. Unaingiza sindano ndefu kupitia ukeni, ukiongozwa na ultrasaundi, na kila kifuko cha yai kinaonekana kwenye skrini kama duara jeusi. Niliona duara zuri, kubwa, jeusi kweli kweli, nikaielekeza sindano. Mwalimu wangu akanishika kifundo cha mkono. Hakusema neno, akazungusha tu kipimo robo duara, na lile duara likarefuka likawa bomba. Ulikuwa mshipa mkubwa wa damu wa nyonga. Ovari imelala jirani nao kabisa, na picha ikiuonyesha kwa upana wake hauna tofauti na kifuko. Zungusha kipimo kwanza, ndipo uchome. Mwalimu wangu alijua damu ya nyonga inavyomwagika kwa sababu alishapambana nayo leba kwa miaka.

Ushauri wangu wa pili: omba kukaa maabara, tena si kwa wiki moja ya kutembelea. Kaa miezi. Daktari anatoa majimaji ya kifuko, anayapitisha kwenye bomba lililotunzwa kwenye nyuzi 37, halafu anasubiri sauti ya upande wa pili iseme "yai" au iseme "hamna". Kinachofuata hakimo mikononi mwako, kimo mikononi mwa watu wa maabara. Robert Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010 kwa kazi iliyomleta duniani Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF, Julai 1978, na jina la Patrick Steptoe, daktari wa upasuaji aliyeshirikiana naye, linajulikana. Wa tatu wao, Jean Purdy, alikuwa nesi aliyegeuka mtaalamu wa viinitete, naye ndiye aliyekaa na darubini akikiona kile kiinitete kikigawanyika. Alifariki mwaka 1985, na kwa miaka mingi watu walisimulia habari ile bila kumtaja. Nimefanya kazi na madaktari wanaomsahau Purdy wao kila siku. Wanampigia mgonjwa kumwambia "mayai yako hayakuwa mazuri" bila kuwahi kuuliza maabara waliona nini hasa.

Sasa nikuambie kosa langu, kwa sababu hakuna kitabu kitakachokufundisha hili. Mayai hutolewa saa 34 hadi 36 baada ya sindano ya kuyakomaza. Ukiwahi sana hayajaiva wala hayajabanduka kwenye kuta za vifuko, ukichelewa yameshapotelea tumboni. Nilipokuwa mwanafunzi wa ubobezi nilimwandikia mama mmoja kikaratasi: "Sindano, Jumatatu, 10 usiku." Nilimaanisha saa nne usiku. Kichwa changu kilikuwa kinasoma saa ya ukutani. Asubuhi ya Jumatano, saa nne kasoro, kashavaa gauni la upasuaji, nesi akamuuliza kama kawaida: sindano ulichoma saa ngapi? Akajibu kwa fahari, "Saa kumi usiku, nilitega alamu, kama mlivyoandika." Tulikuwa na saa 30 tu mkononi.

Aliyetuokoa ni nesi yule aliyeuliza swali ambalo mimi niliona ni la kujaza fomu. Tukasogeza shughuli mpaka saa kumi jioni, chumba kizima kikanisubiri, na mama wa watu akashinda na njaa. Tangu siku hiyo naandika kwa maneno, "saa nne usiku, kabla ya kulala", kisha namwomba mgonjwa anisomee alichoelewa. Ubobezi wote ule, na yote yangeharibiwa na tarakimu mbili.

Kuhusu wanaume nitasema kwa ukali kidogo. Karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto zina tatizo upande wa mume, ama peke yake ama pamoja na la mke. Bado utapokea wanawake waliopigwa picha ya mirija ya uzazi na kufanyiwa upasuaji wa matundu madogo tumboni kabla mume hajatoa sampuli hata moja. Nakumbuka mmoja wa aina hiyo. Mumewe alikuja kwa kulazimishwa, kijana wa mazoezi, mabega mapana. Majibu ya shahawa: mbegu sifuri. Kumbe alikuwa anajichoma testosteroni ya kujenga misuli, na ubongo ukiona homoni hiyo imejaa kwenye damu huacha kuziamuru korodani zitengeneze mbegu. Aliacha sindano, na baada ya miezi kadhaa mbegu zikaanza kurudi. Swali moja la dakika moja lingemwepusha mkewe na kisu. Tangu mwaka 1992, madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walipotangaza mimba za kwanza za kuchoma mbegu moja tu ndani ya yai, baadhi yetu tumekuwa wavivu: mradi kuna mbegu chache, mwenyewe hatuna haja ya kumpima. Mpime. Mvue nguo kama unavyomvua mkewe.

Halafu kuna simu. Utapiga simu nyingi kuliko utakavyofanya upasuaji. Chukulia umetoa mayai 12: yaliyokomaa ni 9, asubuhi yake yaliyorutubika ni 6, siku ya 5 vimebaki viinitete 2. Kwako hizo ni hesabu nzuri za kawaida. Kwa mtu aliyelala akihesabu watoto 12, kila simu ni msiba mdogo. Namba hizi mwambie siku ya kwanza, kabla hajachoma hata sindano moja, na umchoree kwenye karatasi jinsi zinavyopungua. Jibu la mimba mpe mwenyewe, usimwachie mtu wa mapokezi, na jibu lianze na neno lenyewe. Ukianza na "habari za tangu juzi" ameshajua, na unamtesa bure.

Fani hii ina pesa, na pesa zina maneno yake. Utaombwa uongeze hiki na kile: kukwaruza ukuta wa mji wa mimba, dawa za kinga ya mwili, vimiminika vya majina marefu. Kukwaruza kulikuwa kwenye bei za kliniki nyingi kwa miaka, mpaka mwaka 2019 utafiti wa wanawake zaidi ya 1,300 ukaonyesha waliokwaruzwa hawakuzaa zaidi ya wasiokwaruzwa. Mahali fulani nilipofanya kazi tuliendelea kuiuza huduma hiyo hata baada ya hapo, "kwa kuwa wagonjwa wanaiomba". Niliona aibu nikanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Na kuna neno gumu zaidi, "tuishie hapa". Hulifundishwi. Mimi bado nalisema vibaya.

Na wewe mwenyewe je? Hesabu ile ya miaka inakufikisha kwenye thelathini na kitu, ukiwaeleza watu wengine kwamba akiba ya mayai hushuka kwa kasi baada ya miaka 35. Nimeona mabingwa wa kike wakiwa wagonjwa wa wenzao. Kama unataka watoto, zungumza na mwenzako sasa, si baada ya mtihani wa mwisho. Hakuna mtihani wa mwisho.

Nirudi kwenye ule ubao. Kwetu ulikuwa sebuleni, mkabala na viti. Kulikuwa na mama ambaye baada ya mzunguko wake wa pili alianza kugeuza kiti, akikaa ameupa mgongo, uso dirishani. Nilimwona hivyo labda mara tano kabla sijaelewa. Siku hizi ubao upo ndani, kwenye korido ya maabara, ambako wagonjwa hawapiti. Alipokuja tena akakuta ukuta mtupu. Hakusema kitu. Alivuta kiti akakaa akitazama mbele, akafungua pochi, akaanza kutafuta miwani yake.