Brashi ya Kuponya ya Photoshop Inapogoma au Kuchafua Picha

Malalamiko mengi kuhusu brashi ya kuponya (Healing Brush), kifaa cha Photoshop cha kufuta madoa kwenye picha, ni ya aina mbili: ama haifanyi chochote, ama inafanya na kuacha alama mbaya kuliko doa lililokuwepo. Yote mawili hutatulika upesi ukishajua brashi hii inasoma nini. Muhuri wa kunakili (Clone Stamp), kifaa kingine cha kufunika dosari, huhamisha pikseli, yaani nukta zinazounda picha, kama zilivyo. Brashi ya kuponya, iliyopo tangu Photoshop 7.0 ya mwaka 2002, huchukua unamu (mwonekano wa uso wa kitu, kama vinyweleo vya ngozi) peke yake kutoka kwenye chanzo ulichochagua, kisha rangi na mwanga huvisoma kwenye kingo za eneo unalolipaka. Kingo zikigusa nywele nyeusi, weusi huo utaingia kwenye ngozi. Karibu kila hitilafu nitakayoitaja hapa inatokana na brashi kusoma mahali ambapo hukukusudia isome.

Tuanze na kugoma.

Hakikisha kwanza umeshika kifaa chenyewe. Herufi J huita kundi zima la vifaa vya kuponya, na Shift+J huzunguka kutoka kimoja hadi kingine. Brashi ya kuponya na ile ya kuponya madoa zina alama zinazofanana sana za plasta, ila ya madoa ina nusu duara la nukta pembeni. Ya madoa haihitaji chanzo, hujitafutia yenyewe; ya kawaida haipaki mpaka ushikilie Alt (Option kwenye Mac) na kubofya mahali pa kuchukua unamu. Ukishikilia Alt, kishale lazima kigeuke kuwa shabaha. Kisipogeuka, umeshika kifaa kingine, au chanzo kwenye upau wa juu kimewekwa kuwa ruwaza (Pattern, mchoro unaojirudia) badala ya sampuli (Sampled). Hilo la ruwaza huwahangaisha watu sana kwa sababu hubadilika kwa mbofyo mmoja wa bahati mbaya na hubaki hivyo hata ukifungua picha nyingine.

Sababu inayoongoza ya kugoma, kwa maoni yangu, ni tabaka tupu, yaani kama karatasi angavu isiyo na kitu iliyowekwa juu ya picha. Umefanya vizuri kufungua tabaka jipya ili usiharibu picha ya asili, lakini sehemu ya sampuli (Sample) kwenye upau wa juu bado inasema brashi isome tabaka la sasa pekee. Tabaka hilo halina kitu, kwa hiyo brashi haina cha kuchukua. Menyu hiyo ina chaguo tatu: tabaka la sasa, la sasa pamoja na yaliyo chini yake, na matabaka yote. Chagua la pili. Angalia pia vitufe vya kufuli juu ya orodha ya matabaka: ukifunga pikseli angavu (zisizopakwa kitu) kwenye tabaka tupu, hakuna brashi itakayoacha alama juu yake.

Mengine ni ya kukagua kwa haraka. Bonyeza Ctrl+D (Command+D kwenye Mac) kufuta uteuzi (eneo ulilolizungushia mpaka ili kazi ifanyike ndani yake tu), maana uteuzi unaweza kuwa umefichwa kwa Ctrl+H na bado ukazuia brashi kupaka nje yake. Tazama kijipicha kipi kimezungushiwa fremu kwenye tabaka: kama ni cha barakoa (inayoficha sehemu za tabaka), bofya cha picha. Kama kishale kimekuwa msalaba mdogo badala ya duara, Caps Lock imewashwa. Brashi inafanya kazi, ila huoni ukubwa wake. Picha za GIF hufunguka katika hali ya rangi zenye faharasa (Indexed Color, yenye orodha ndogo ya rangi), na humo kuponya hakuwezekani mpaka ugeuze picha iwe RGB, hali ya kawaida ya rangi za skrini. Tabaka janja (Smart Object), linalohifadhi picha ya asili ndani yake, nalo halikubali kuponywa moja kwa moja. Fungua tabaka tupu juu yake na uponye hapo.

Sasa kuchafua, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Doa likiwa katikati ya shavu, brashi hufanya vizuri karibu bila msaada. Tatizo huanza doa linapokaribia mpaka wenye tofauti kubwa ya mwanga: ukingo wa nywele, mdomo, kola ya shati, mstari wa paa dhidi ya anga. Kuna njia mbili za kulizuia, na ninapendelea ya kwanza kwa nyuso. Chora uteuzi unaolizunguka doa, mkubwa kuliko doa lenyewe, lakini upande wa nywele ufuate mpaka kwa usahihi. Usilainishe kingo zake. Kisha ponya ndani ya uteuzi huo. Rangi za nje hazitavuja kuingia. Njia ya pili inafaa zaidi kwa vitu vyenye mistari, kama waya unaokatiza anga na kuishia ukutani. Chukua muhuri wa kunakili (herufi S), futa kipande kifupi cha waya pale unapogusa ukuta, hadi waya ubaki unaning'inia angani bila kushikana na kitu. Hapo brashi ya kuponya itakuta anga pande zote na itaufuta uliobaki bila doa jeusi. Wanaolazimisha kuponya waya mzima kwa mpigo mmoja, ukuta ukiwemo, hupata ukungu wa rangi ya ukuta juu ya anga, kisha hupoteza muda mrefu kuuponya huo ukungu.

Ukubwa wa brashi uzidi doa kidogo tu. Brashi ikiwa ndogo kuliko doa, kingo zake zinakaa juu ya doa lenyewe, na rangi inayosomwa ni ya doa. Matokeo yake ni kovu lenye wekundu uleule, unamu tu ndio umebadilika. Ikiwa kubwa mno, inafika kwenye vivuli visivyohusika. Mabano ya mraba kwenye kibodi hupunguza na kuongeza ukubwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kutumia ukubwa mmoja uso mzima.

Kuhusu ulaini, wengi huchagua brashi laini kwa mazoea ya vifaa vingine. Kwa brashi ya kuponya ni kosa. Uchanganyaji unafanywa na kifaa chenyewe. Ukiongeza kingo laini, pale kingoni unamu wa chanzo na wa mahali unapopaka vinawekwa pamoja nusu kwa nusu, na chembechembe mbili tofauti zikichanganywa hivyo hufifishana. Ndiyo maana unaona pete ya ukungu kuzunguka sehemu iliyoponywa. Weka ugumu kati ya asilimia 80 na 100.

Kitelezi cha msambao (Diffusion), kwenye matoleo yanayokiweka kwenye upau wa juu, kina namba 1 hadi 7 na kwa kawaida huwa 5. Namba hiyo huamua kipande kinavyojilinganisha na mazingira yake. Picha yenye chembechembe au vinyweleo vinavyoonekana inataka namba ndogo. Anga, ukuta laini au mandhari yenye ukungu inataka kubwa.

Ukiona kinyweleo kilekile kimejirudia sehemu kadhaa, umetumia chanzo kimoja mara nyingi huku ulinganifu (Aligned) kwenye upau wa juu umezimwa. Ukizimwa, kila mpigo huanza upya kwenye pointi ileile. Ukiwashwa, chanzo kinakufuata kwa umbali uleule. Hata hivyo, dawa ya kweli ni kubadilisha chanzo mara kwa mara, na kukichukua jirani. Vinyweleo vya pua si vya paji la uso, na vya paji la uso si vya shavu. Kuna pia hali ambayo unamu unatoka umepinda au umekuzwa bila sababu: fungua paneli ya chanzo cha kunakili (Clone Source) urudishe pembe kuwa 0 na ukubwa kuwa asilimia 100.

Rangi inayotoka nyeusi zaidi, au iliyokolea kuliko inavyopaswa, mara nyingi ni tabaka la marekebisho (linalobadilisha mwanga au rangi ya yaliyo chini yake) linalohesabiwa mara mbili. Umechagua matabaka yote, brashi imesoma picha ikiwa tayari imerekebishwa, ikaiandika kwenye tabaka lililo chini ya marekebisho, nayo yakaifanyia kazi tena. Weka tabaka la kuponya moja kwa moja juu ya picha ya asili, chini ya marekebisho yote, na sampuli iwe ya tabaka la sasa na yaliyo chini. Au washa kitufe cha kupuuza matabaka ya marekebisho kilicho pembeni ya menyu hiyo.

Kwa wanaotumia kalamu na bao la kuchorea: ukubwa wa brashi huenda umefungwa kwenye mgandamizo wa kalamu. Ukigusa kidogo, duara unaloliona ni kubwa lakini alama ni nyembamba, na doa linabaki nusu. Fungua menyu ya brashi, zima udhibiti huo.

GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, inafuata kanuni zilezile, isipokuwa chanzo huchaguliwa kwa Ctrl badala ya Alt, na kisanduku cha kusoma matabaka yaliyounganishwa lazima kiwashwe ukifanya kazi kwenye tabaka tupu.

Kagua kazi kwa ukuzaji wa asilimia 100 (Ctrl+1). Kwa asilimia 33 au 67 programu inakadiria pikseli, na pete za ukungu nilizozitaja hazionekani mpaka picha ichapishwe.

Yote yakishindikana, bofya kulia alama ya kifaa iliyo mwanzoni mwa upau wa juu, uchague kukirudisha kwenye hali ya awali. Hilo hugusa kifaa kimoja tu, kwa hiyo lianze. Kurudisha mipangilio ya programu nzima hufanywa kwa kushikilia Ctrl+Alt+Shift (Command+Option+Shift kwenye Mac) mara tu unapoifungua na kukubali kufuta faili la mipangilio. Kabla ya hapo hamisha brashi na vitendo (Actions, mfululizo wa hatua uliourekodi) ulivyojitengenezea uviweke kwenye folda nyingine, na uandike kiasi cha kumbukumbu na diski ya muda (Scratch Disk) ulivyoitengea programu, kwa sababu navyo vitarudi vya kiwandani.