Kusafisha mkanda wa rangi nyumbani: joto la Dar liko upande wako

Karibu kila anayefundisha kusafisha mikanda ya kamera mtandaoni anasema anza na nyeusi na nyeupe, rangi iache mpaka ukomae. Mimi nilitii. Miezi minne nikawa mteja wa barafu wa duka la jirani, kwa sababu dawa za nyeusi na nyeupe zinataka nyuzi 20, na maji ya bomba nyumbani kwangu Tabata nikiyapima asubuhi yana nyuzi 27 au 28. Unatia barafu, yanashuka. Unageuka kuchukua jagi, yamepanda tena. Ukiamua kusafisha kwa joto hilohilo la bomba, muda wa dawa unakuwa mfupi mno na mkanda unatoka na mabaka.

Kisha nikasoma karatasi ya maelekezo ya dawa za rangi. Utaratibu unaotumika dunia nzima kwa mikanda ya negativu za rangi unaitwa C-41, Kodak waliutoa mwaka 1972, na joto lake ni nyuzi 37.8. Wanaoandika kutoka nchi za baridi wanaliogopa joto hilo kwa haki: wanapandisha maji kutoka nyuzi 10 au 15, na yakishafika yanaanza kupoa. Hapa kwetu tunahitaji kupanda nyuzi kumi tu, na chumba chenyewe kinasaidia kulinda moto. Maji ya tangi la juu ya nyumba saa nane mchana yanakaribia nyuzi 35 bila kuwasha jiko. Ndiyo maana nawaambia wanaoniuliza, hasa wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar: rukeni barafu, anzeni na rangi.

Dawa zenyewe huuzwa kwa seti. Mimi huagiza ya unga ya lita moja, kwa kuwa ya maji ni nzito na wasafirishaji wengi huikataa. Seti ya kuanzia ina dawa ya kwanza (developa), dawa ya pili ambayo ni bliksi, na ya mwisho ya kulinda mkanda. Changanya kwa kufuata karatasi yako, si yangu, maana seti hutofautiana kwa nyuzi na sekunde. Nyingi ziko karibu na dakika 3 na sekunde 15 hadi 30 kwa dawa ya kwanza.

Dakika hizo tatu ndizo kazi yote. Mkanda wa rangi una tabaka tatu kuu: moja linanasa mwanga wa buluu, la pili wa kijani, la tatu wa nyekundu. Dawa ya kwanza inageuza chembe za madini ya fedha zilizopigwa na mwanga, na inapofanya hivyo inazaa rangi ndani ya kila tabaka: njano, majenta na sayani. Tabaka hizo lazima ziende pamoja. Dawa ikipoa, moja inabaki nyuma, na picha inatoka na vivuli vya rangi moja na sehemu za mwanga za rangi nyingine. Kosa la namna hiyo hulirekebishi vizuri kwenye kompyuta. Bliksi haina ukali huo. Kazi yake ni kuondoa fedha yote ili ibaki rangi peke yake. Ukizidisha dakika mbili hakuna kitakachoharibika, ila ukipunguza, picha zitakuwa za kijivujivu. Basi hofu yako yote iweke kwenye dawa ya kwanza.

Kuhusu kipimajoto, usinunue cha bei kubwa kabla hujajaribu hili. Kipimajoto cha homa cha duka la dawa kimetengenezwa kuwa sahihi hapohapo tunapopahitaji, kati ya nyuzi 35 na 42. Nilichukua kile cha jikoni cha kidijitali, nikakiweka pamoja na cha homa kwenye kikombe cha maji safi ya uvuguvugu, nikaona cha jikoni kinazidisha nyuzi moja na nusu. Tangu hapo najua cha kutoa. Cha homa kisiguse dawa kabisa, kinapima maji tu.

Kupasha ni hivi: beseni kubwa la maji ya nyuzi 40, chupa za dawa ndani yake mpaka shingoni, nusu saa. Beseni kubwa lina faida kwa sababu maji mengi hupoa polepole, na umeme ukikatika katikati ya kazi hupati shida yoyote. Nikisafisha usiku wa Julai, jotoridi la beseni hushuka kwa nyuzi mbili hivi ndani ya nusu saa. Kikombe kimoja cha maji ya moto kinalirudisha. Tangi lenye mkanda, yaani chombo kidogo kisichopitisha mwanga ambamo mkanda husafishwa, nalo liwe ndani ya beseni, na kabla ya dawa lijaze maji ya joto hilohilo kwa dakika moja. Maji hayo yatatoka na rangi, kijani au samawati kutegemea mkanda. Ni rangi iliyopakwa kiwandani kuzuia mwanga usirudi nyuma, usishtuke.

Sasa shida ya kweli ya pwani: unyevu. Hakuna karatasi ya maelekezo iliyonionya. Kabla ya kuingia kwenye tangi, mkanda unavishwa kwenye rili ya plastiki, kigurudumu chenye mifereji, gizani, ndani ya mfuko wa giza, na mikono yako ikiwa humo inatoa jasho. Baada ya dakika tano mfuko ni kama bafu la mvuke, mkanda unalegea na kunata, rili haizunguki tena. Mkanda wangu wa tatu wa rangi ulikuwa na picha za shangazi yangu Pangani, amekaa barazani akisuka ukili. Ulinata, nikalazimisha, kingo zikapinda na mzunguko mmoja ukagusa mwingine. Palipogusana dawa haikufika. Picha tatu zilitoka na mabaka mazito yasiyopitisha mwanga, na moja ya hizo ndiyo aliyokuwa akicheka. Bado ninazo, na hadi leo naumia nikiziona.

Nilichojifunza kwa gharama hiyo ni kuanika rili juani saa nzima siku ya kusafisha, kwa kuwa rili iliyooshwa jana bado ina maji kwenye mifereji hata kama huyaoni. Vaa fulana, si shati la mikono mirefu. Kata ulimi wa mkanda ukiwa kwenye mwanga, pembe zake zizungushe kidogo kwa mkasi, na ingiza sentimita chache kwenye rili kabla ya kufunga mfuko, kama ulimi umebaki nje ya kikebe. Fanya alfajiri au usiku sana. Na mkanda ukikwama, acha. Weka kila kitu ndani ya tangi, funga mfuniko, toa mikono, kaa chini ya feni dakika kumi, mfuko nao upepee. Ndani ya tangi lililofungwa mkanda uko salama, hata ungeenda kuswali ukarudi. Siku hizi nimeachana na mfuko kabisa, natumia stoo isiyo na dirisha na kuziba chini ya mlango kwa blanketi. Kaa humo dakika tano. Ukianza kuona kiganja chako, pana mwanga unaoingia.

Tangi langu ni Paterson, mkanda mmoja wa milimita 35 unahitaji mililita 290. Mimina dawa ya kwanza kwa haraka, anza saa, pindua tangi taratibu sekunde kumi za mwanzo, halafu mara nne kila nusu dakika, au kama karatasi inavyosema. Muhimu ni kufanya vilevile kila mara. Ukishamimina bliksi na kupindua mara ya kwanza, fungua kifuniko cha juu kidogo, kile cha mpira tu, kwa sababu inatoa gesi na mfuniko unaweza kufyatuka ukakurushia dawa usoni.

Halafu faneli. Tone la bliksi likiingia kwenye chupa ya dawa ya kwanza, lita nzima imekufa. Mimi nina faneli mbili, nyekundu na nyeupe, na chupa zimeandikwa kwa maka nene pande zote mbili. Nunua chupa za kahawia kwenye duka la vifaa vya maabara. Usitumie za soda wala za juisi hata siku moja: nyumba zetu zina watoto, na dawa hii ina rangi ya chai. Glavu ni lazima pia. Dawa ya kwanza ikizoea ngozi inaweza kukuletea mzio usioisha. Jagi na beseni vya kazi hii visirudi jikoni, na dirisha liwe wazi.

Suuza ya mwisho, ile ya dawa ya kulinda mkanda, isichanganywe kwa maji ya kisima. Mengi ya Dar yana chumvi, na mkanda ukikauka unabaki na madoa meupe yasiyotoka. Natumia maji ya kunywa ya chupa kubwa. Ukitaka maji yaliyokenekwa (mvuke uliorudishwa kuwa maji) kutoka dukani kwa mafundi wa magari, soma chupa vizuri, kwa maana jina "maji ya betri" hutumika pia kwa tindikali.

Ninatundika mkanda bafuni kwa vibanio viwili vya nguo, kimoja chini kuuvuta, feni imezimwa kwa sababu ya vumbi. Kwa unyevu wetu subiri saa tatu. Ukiwa mbichi unaweza kuonekana na utando kama maziwa. Kwa kawaida hutoweka ukikauka. Rangi ya machungwa iliyoenea kote ni ya kawaida, imewekwa makusudi kiwandani. Kuupiga picha mkanda uliokauka kwa kamera ya dijitali juu ya taa ya LED na kuzigeuza rangi zake kwenye kompyuta kunatosha. Programu ya darktable ni ya bure na ina sehemu iitwayo negadoctor kwa kazi hiyohiyo.

Bliksi iliyotumika ina fedha ndani, usiimwage bustanini wala karibu na kisima. Yangu huingia kwenye dumu lenye maandishi, na fundi mmoja wa picha za eksirei ninayemfahamu huniunganisha na wanaokusanya.

Mkanda wako wa kwanza upige vitu vya nyumbani: kanga kwenye kamba, ukuta uliopakwa chokaa, sahani ya maembe, mkono wa mtu. Rangi zao unazijua kwa macho, utajua papo hapo kama joto lilikaa sawa. Picha za shangazi ziende kwenye mkanda wa nne.