Kabla ya kusema "twende kortini": ushauri kwa anayebishana na URA kuhusu kodi ya mapato

Mimi ni mhasibu mjini Arua. Wateja wangu ni watu wa soko: wauza vitenge, sukari, mafuta ya kula, vipuri vya bodaboda, na wazee wachache wenye nyumba za kupangisha. Mara kwa mara hufika mmoja wao na barua ya makadirio ya kodi ya mapato kutoka URA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Uganda, namba imejaa sifuri, na neno la kwanza linalomtoka ni "twende kortini". Ninamwelewa. Ila nimesoma hukumu nyingi za kodi za nchi hii, na niliyoyaona humo ndiyo yanayonifanya nimkalishe kwanza, niagize chai, kisha nimwombe madaftari yake.

Hukumu zenyewe si siri. Tovuti ya ULII, inayochapisha sheria na hukumu za Uganda, inaziweka bure, kuanzia za Baraza la Rufaa za Kodi, ambalo wengi tunaliita TAT, hadi za Mahakama ya Juu. Kiingereza chake ni kizito na mawakili hupenda kurejea kesi za Uingereza za enzi za babu zetu. Ile ya Cape Brandy ya mwaka 1921, iliyosema kwamba kwenye kodi hutazamwa maneno ya sheria na wala si huruma, utakutana nayo mpaka uichoke. Ziruke hizo. Nenda pale Baraza linapoanza kueleza mlipakodi alileta nini na hakuleta nini. Somo liko hapo.

Jambo linalorudi karibu katika kila uamuzi ni mzigo wa kuthibitisha. Kwenye kesi ya wizi, serikali ndiyo inayohangaika kuonyesha kwamba uliiba. Kwenye kodi imegeuzwa: ni wewe unayepaswa kuonyesha kwamba makadirio yamezidi, au kwamba uamuzi ule haukupaswa kutolewa. Ukisimama mbele ya Baraza na kusema "hizi pesa si zangu zote", hata kama ni kweli tupu, utaulizwa karatasi iko wapi. Nimesoma maamuzi ambamo unahisi kabisa wajumbe wanamwamini mtu, lakini wanamwambia hakuleta ushahidi, na kesi inaishia hapo.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Biashara ya Arua ni ya mipakani. Mfanyabiashara hupokea pesa kutoka kwa wanunuzi wa Ariwara, upande wa Kongo, au kutoka Juba, ili awanunulie bidhaa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, na yeye hubaki na kamisheni yake. Pesa yote hupita kwenye akaunti yake au kwenye simu yake. Sasa anayekagua akichukua taarifa ya benki na kuilinganisha na mauzo uliyoandika kwenye ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato yako, ataona tofauti kubwa na atadhani umeficha mauzo. Kusema kweli, ningekuwa mimi ndiye mkaguzi ningedhani hivyo hivyo.

Nilikuwa na mteja wa namna hiyo, mama wa vitenge. Makadirio yalipofika, karibu kila shilingi iliyoingia benki ilikuwa imehesabiwa kuwa mapato yake. Alilia, kisha akakasirika, kisha akataka wakili wa Kampala. Nikamwambia, mama, wakili atakuja kukuuliza lile ninalokuuliza mimi: nani alituma hii, ya nini, na mzigo wake ulikwenda wapi? Bahati nzuri alikuwa mtu wa daftari. Kila mteja wa Kongo ana ukurasa wake: jina, kiasi, idadi ya doti, tarehe ya basi. Tukachukua taarifa ya benki na kuishukia mstari kwa mstari. Kila pesa iliyoingia tukaiandikia maelezo yake, na pembeni tukaonyesha ukurasa wa daftari, risiti ya Kikuubo, karatasi ya kampuni ya basi, na pale karatasi ilipokosekana, ujumbe wa WhatsApp uliochapishwa. Zile zilizokosa maelezo tukazikubali kuwa mauzo. Hapo mama alinuna kidogo, lakini kukubali zile chache ndiko kulikozipa nguvu nyingine zote. Sehemu kubwa ya makadirio iliondolewa kwenye pingamizi, na Baraza hatukufika.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: sheria ya taratibu za kodi inataka rekodi zitunzwe kwa Kiingereza, na kwa miaka 5. Daftari la mama lilikuwa la Kiswahili na Kilugbara. Kiswahili kimo kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, sawa, ila hilo halikusaidii mbele ya mkaguzi. Endelea kuandika kwa lugha unayoijua, lakini kila mwezi mtu akutengenezee nakala ya Kiingereza, na zote mbili uziweke mbali na mchwa. Nasema mchwa kwa sababu nimeshapokea maboksi ambayo ndani yake hamkuwa na risiti, mlikuwa na vumbi.

Halafu kuna siku. Nyingi kati ya kesi ninazozisoma zinafia kwenye kalenda kabla hata hesabu hazijafunguliwa. Ukipokea uamuzi wa kodi una siku 45 za kuweka pingamizi kwa Kamishna. Kamishna naye ana siku 90 za kujibu. Zikipita kimya, sheria inakuruhusu uchague kulichukulia pingamizi lako kuwa limekubaliwa, lakini lazima umwandikie kumjulisha hivyo. Kukaa nyumbani ukishangilia hakutoshi. Akikujibu na hukuridhika, una siku 30 za kufungua ombi kwenye Baraza. Ukichelewa unaweza kuomba muda kwa sababu kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi, na ikipita miezi 6 tangu uamuzi mlango unafungwa.

Siku hizo zinaanza kuhesabiwa unapopokea uamuzi, na uamuzi siku hizi unakuja kwa barua pepe na kwenye akaunti yako ya tovuti ya URA. Swali langu kwa kila mteja mpya ni hili: barua pepe iliyoko kwenye TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi, ni ya nani? Wengi hawajui. TIN zao zilifunguliwa na kijana wa duka la intaneti, akaweka anwani yake mwenyewe, na kijana sasa yuko Juba. Barua inafika, inasomwa na mtu asiyehusika au haisomwi kabisa, na mwenye kodi anasikia habari benki inapomwambia akaunti imeshikwa. Ikiwa utafanya kitu kimoja tu baada ya kusoma makala hii, nenda ukabadilishe hiyo anwani na namba ya simu.

Kuhusu njia yenyewe, Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi mwaka 2017 katika kesi ya URA dhidi ya Rabbo Enterprises: mgogoro wa kodi unaanzia kwenye Baraza, na Mahakama Kuu inausikiliza kama rufaa. Na rufaa hiyo ni ya hoja za kisheria tu. Maana yake, masuala ya nani alituma pesa na mzigo ulikwenda wapi yanaishia kwenye Baraza. Risiti utakayoipata chini ya kitanda baada ya uamuzi haina pa kwenda. Ndiyo maana nasisitiza kila karatasi iingie tangu kwenye pingamizi. Wapo wanaoficha ushahidi "ili tuwashtukize mbele ya Baraza". Acheni sinema.

Kinachowatisha watu zaidi ni asilimia 30. Ukishaweka pingamizi dhidi ya makadirio, sheria inataka ulipe asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa, au ile sehemu usiyoibishia, ipi iliyo kubwa. Makadirio yakiwa shilingi milioni 40, hiyo ni milioni 12. Lakini kama mwenyewe unakubali milioni 15, basi utalipa 15. Sharti hili lilipingwa kuwa linamfungia maskini mlango wa haki. Mwaka 2010, katika kesi ya UPIMAC, Mahakama ya Juu ikasema halivunji Katiba. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Fuelex, ikalegeza upande mmoja: lisitumike kwa mtu ambaye ubishi wake hauhusu kiasi cha kodi, kwa mfano anayebishia tafsiri ya sheria tu. Watu walishangilia sana hukumu hiyo, nami nililazimika kuwavunja moyo wateja wangu, maana karibu wote wanabishia kiasi. Mwenye duka anayesema "mmenikadiria nyingi mno" hayumo kwenye nafuu ya Fuelex. Atafute hiyo asilimia 30, na akumbuke kwamba kodi isiyolipwa inakua kwa riba ya asilimia 2 kila mwezi wakati nyinyi mnabishana.

Kuna wanaodhani kesi za mafuta haziwahusu. Zinawahusu. Kampuni ya mafuta ya Heritage iliuza sehemu yake ya visima vya Ziwa Albert kwa kampuni mwenzake, Tullow, kwa dola bilioni 1.45 mwaka 2010, ikakadiriwa kodi ya zaidi ya dola milioni 400, na takriban milioni 121 ziliwekwa kama ile asilimia 30 yao. Ndiyo, hata wao. Novemba 2011 Baraza likawapa URA ushindi. Waganda wengi wanaikumbuka habari hii kwa ile "handisheki" ya Rais, shilingi bilioni 6 zilizogawanywa kwa maofisa 42. Mimi naikumbuka kwa sababu nyingine. URA waliitaka Tullow, mnunuzi, ilipe kama wakala wa Heritage, yaani iilipe kodi ya Heritage kwa niaba yake, nayo ikatoa dola milioni 313. Ikabidi Tullow imfuate Heritage mahakamani London kudai pesa hizo, na ikashinda mwaka 2013, na tena kwenye rufaa mwaka 2014. Notisi ya wakala waliyoandikiwa Tullow ndiyo ile ile inayoandikiwa benki yako, au mpangaji wako, au mtu unayemdai ambaye bado hajakulipa mzigo. Kwa hiyo ukinunua nyumba au biashara ya mtu, usiseme "kodi ni shauri lake, tumeandikiana". Makubaliano yenu hayamfungi mkusanya kodi. Uliza kwanza kama kodi ya muuzaji imelipwa, na ikiwezekana sehemu ya bei ibaki mkononi mwako mpaka uone risiti.

Ile ya Zain, kampuni ya simu, ambapo Mahakama ya Rufaa mwaka 2014 ilisema URA inaweza kukadiria kodi hata kama kampuni iliyouzwa iko Uholanzi, waachie wenye kampuni Uholanzi.

Si kila barua inastahili kupiganiwa. Mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha alikuja na hoja nzuri kabisa: alijenga kwa mkopo, riba ya benki inamla, paa limevuja, vipi atozwe kodi kana kwamba anaweka yote mfukoni? Kwa utu nakubaliana naye. Lakini sheria ya sasa inamtoza mtu binafsi asilimia 12 ya pesa ya pango inayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kutoa gharama yoyote. Anayepokea 500,000 kwa mwezi anapata milioni 6. Ukitoa 2,820,000 inabaki 3,180,000, na kodi yake ni 381,600. Sheria imeandikwa wazi, na Baraza haliwezi kuiandika upya kwa sababu paa linavuja. Nilichomshauri ni kuangalia kama vyumba vilivyokuwa vitupu havikuhesabiwa kana kwamba vina wapangaji. Viwili vilikuwa vimehesabiwa. Hilo ndilo lilikuwa pingamizi lake, na lilikuwa fupi.

Na hata kesi ikishafunguliwa kwenye Baraza, usione aibu kukaa mezani. Baraza lenyewe hupeleka pande mbili kwenye usuluhishi, na upo pia utaratibu wa URA wa kusuluhisha nje ya kesi uliowekewa kanuni zake mwaka 2023. Tullow, katika kesi nyingine iliyohusu kodi yake yenyewe, ilishindwa kwenye Baraza Julai 2014, ikatakiwa kulipa dola milioni 407. Juni 2015 ikapatana na serikali kwa milioni 250. Ukienda usuluhishi, nenda na jedwali lako la maelezo ya kila pesa iliyoingia, na kichwani uwe na namba unayoweza kuilipa kweli, pamoja na miezi utakayoilipa, maana utaulizwa. Mkikubaliana, yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili na yasajiliwe na Baraza kama amri yake. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya tovuti uone kama deni la zamani limefutwa kwenye mfumo, kwa sababu lisipofutwa riba itaendelea kujiandika juu ya kiasi ambacho hudaiwi tena.