Wiki ya mechi ya watani, usinunue raba mpya

Raba ndizo zilizoniponza. Niliziona soko la Karume siku ya Jumatano, nyeupe zenye mstari wa zambarau, namba yangu kabisa, na mechi yetu ya mpira wa kikapu ilikuwa Jumamosi. Nikajiambia mechi ya watani haichezwi na raba zilizopauka. Kufika kota ya pili, yaani robo ya pili ya mchezo, nilikuwa na lengelenge kwenye kisigino cha kulia, na kila nikigeuka kwenda kushoto nahisi soksi imelowa. Nikadhani ni jasho. Wakati wa mapumziko nilipovua, soksi ilikuwa nyekundu.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza chuoni, hapa Dar es Salaam. Chuo chetu sikitaji, na cha watani wetu sikitaji; waliokuwepo wanajua. Tunatenganishwa na barabara moja na kituo kimoja cha daladala, na utani wetu ni ule ule wa Kariakoo, wa Simba na Yanga, ila sisi hatutangazwi redioni na jezi zetu tunafua wenyewe. Mechi zingine za mpira wa kikapu za wanawake watazamaji wanahesabika: wapenzi wa wachezaji, mlinzi, na wale wanaosubiri tumalize waingie wao. Siku ya watani hosteli zote zinahamia uwanjani.

Tulifungwa kwa pointi 4. Siku hizi, jioni nikitoka kazini, naenda kuwasaidia wasichana wa pale mazoezi, na kila mwaka wiki hiyo ikikaribia wananiuliza: dada, safari hii tuongeze nini? Jibu langu huwa linawaudhi. Msiongeze kitu. Wiki hiyo kazi yenu ni moja tu, kuhakikisha Jumamosi haiji na jambo ambalo miili yenu haijawahi kukutana nalo.

Sisi mwaka ule tuliongeza kila kitu. Jumanne kocha alikuja na presi mpya, yaani kuwabana wapinzani uwanja mzima, aliyoiona kwenye simu. Nzuri kweli, ikichezwa na watu walioizoea. Presi inataka watano wote waondoke kwa sekunde moja. Wawili wakienda kumbana mwenye mpira, wa tatu akisita nyuma yao, pasi moja ya juu inatosha, upande wa pili mtu anafunga leiyapu, mpira wa chini ya ringi, peke yake kama yuko mazoezini. Tulikuwa na asubuhi tatu za kuijifunza. Asubuhi, kwa sababu uwanja ni mmoja, na jioni ulikuwa wa wanaume. Sisi zamu yetu ni saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya vipindi, mwanga ukiwa bado wa kupapasa. Nani alipanga hivyo? Ukiuliza unaambiwa ndivyo ilivyo tangu zamani.

Alfajiri hiyo ndiyo iliyotuficha jua. Mechi ilianza saa kumi jioni, na kipindi cha kwanza sisi tulishambulia ringi la upande wa kantini. Saa kumi jioni jua linakaa juu ya paa la kantini, usawa wa ringi kabisa. Tulikuwa tumefanya mazoezi pale mwaka mzima na hakuna hata mmoja wetu aliyelijua hilo. Unarusha mpira, unapotea kwenye mng'ao, unasikia tu chuma kinalia.

Halafu mpira wenyewe. Hili nililigundua mwezi mzima baadaye na mpaka leo linaniuma kuliko kisigino. Stoo ya michezo ilikuwa na mipira minne, yote namba 7, kwa sababu iliyonunuliwa ni ya wanaume. Wanawake tunacheza namba 6, ambao ni mdogo na ni mwepesi kwa gramu kama 70. Ukisema gramu 70 mtu anacheka, ni fungu dogo la bamia. Lakini mkono uliozoea kusukuma namba 7 kila asubuhi, siku ya mechi ukipewa namba 6, unausukuma kwa nguvu ile ile na mpira unakwenda kugonga nyuma ya ringi. Siku ile mitupo yetu huru, ile unayopewa ukifanyiwa faulo, iligonga nyuma ya ringi mpaka ikawa wimbo wa wapinzani. Nilikwenda kuiangalia karatasi ya matokeo: mitupo 19, iliyoingia 7. Tumefungwa kwa 4. Hesabu hiyo haihitaji kocha.

Kwa hiyo kama una muda wa kurekebisha jambo moja tu wiki hiyo, rekebisha mitupo huru. Mechi ya watani ina faulo nyingi kuliko mechi zingine, kwa sababu kila mtu anacheza na moto kifuani, mikono inafika kabla ya miguu. Na sheria ni hii: timu ikishafanya faulo 4 ndani ya kota moja, kuanzia ya 5 mpinzani anakwenda kwenye mstari, mitupo miwili, hata kama faulo hiyo ilitokea mbali na ringi. Timu mbili zenye hasira zinafika huko dakika ya tano ya kota. Dakika tano zilizobaki ni za kwenda na kurudi kwenye mstari. Mita 4.6, hakuna anayekukaba, una sekunde 5 za kuachia mpira, na watu mia tatu wanakutaja wewe na ukoo wako.

Ndiyo maana kupiga mitupo 50 asubuhi, ukiwa umepoa, umesimama kwa raha zako, ni kujidanganya. Mwaka wa pili tuliacha. Tulikuwa tunakimbia uwanja mzima mara mbili, kwenda na kurudi, halafu moja kwa moja kwenye mstari, mapigo yako bado yanagonga masikioni. Mitupo miwili tu, kisha unaondoka, anakuja mwingine. Miwili ndiyo utakayopewa Jumamosi, hutapewa hamsini. Na kila mtu alichagua mazoea yake akayashika. Mimi nadunda mara tatu, napumua, naangalia ndoano ya mbele ya ringi, naachia. Nyavu hatukuwa nazo, kwa hiyo usiniambie niangalie nyavu.

Kelele tulizileta wenyewe. Tuliwaomba wenzetu wa hosteli waje na madumu ya maji na masufuria wasimame nyuma ya ringi na watutukane kwa majina. Wengine walifurahia kazi hiyo kupita kiasi, nina orodha yao. Lakini siku ile ya kwanza ya madumu tulijifunza jambo ambalo hatukulitegemea: hatusikiani. Mimi ndiye pointi gadi, ndiye ninayeita mchezo, na senta wetu aliyesimama hatua sita kutoka kwangu alikuwa ananitazama kama bubu. Hapo ndipo tukatengeneza ishara za mikono. Ngumi ni hivi, kushika sikio ni hivi, kugusa paja ni hivi. Tatu tu. Tulianza na saba, tukajikuta tunachanganya ya nne na ya sita, tukazipunguza.

Nitoke nje ya mada kidogo. Mechi ya kwanza ya kikapu ya wanawake kati ya vyuo viwili inayokumbukwa Marekani ilikuwa ya majirani hivi hivi, Stanford na California, tarehe 4 Aprili 1896, San Francisco. Wanaume walizuiwa kuingia kutazama. Stanford walishinda 2 kwa 1. Ndiyo, 2 kwa 1, matokeo ya mpira wa miguu! Nikisoma hayo huwa nawaza wale dada walikuwa na utulivu wa kutosha na bado mpira uligoma kuingia. Sisi tulikuwa na nusu ya wanaume wa chuo nyuma ya ringi wanapiga madumu.

Turudi kwenye chakula, maana hapa ndipo watu wema wanapokuangamiza. Mwaka ule wa kwanza kulikuwa na mgombea wa serikali ya wanafunzi aliyetaka kura za hosteli za wasichana. Saa nane mchana, saa mbili kabla ya mechi, akaleta sufuria la pilau la nyama kwa ajili ya timu. Boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa halijaingia, tulikuwa tumeishi wiki nzima kwa chai na maandazi. Ungekataa wewe? Tulikula mpaka ukoko. Kota ya kwanza senta wetu alikuwa anakimbia ameshika ubavu. Ushauri wangu: mkipewa pilau, shukuruni, lifunikeni, mtalila saa moja usiku, mkishinda au mkishindwa. Saa tano au sita mchana kuleni kile kile mnachokula kila siku kwa mama ntilie, wali maharage, mboga, ndizi mbivu. Maji mnyweni kuanzia asubuhi kidogo kidogo, siyo lita nzima uwanjani.

Wenye hijabu, someni hapa vizuri. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wanaruhusu kufunika kichwa tangu Oktoba 2017, kwa hiyo usikubali mtu akwambie hairuhusiwi. Lakini kuna masharti ya aina yake: isiwe na pini wala kifungo chochote shingoni au usoni, isiwe na ncha zinazoning'inia, na rangi iwe nyeusi, nyeupe au inayoendana na jezi, na kwa timu nzima iwe rangi moja. Sisi tulikuwa na wachezaji wawili wa hijabu, mmoja bluu, mmoja nyeusi, na wote wawili na pini. Refa hakuwa na ubaya, alisoma sheria. Walizivua pini dakika kumi kabla ya mechi, na mmoja alicheza kota nzima mkono mmoja kwenye mpira, mmoja kichwani. Mwaka uliofuata fundi cherehani wa jirani alitushonea mbili nyeusi za kuvuta tu, kitambaa cha fulana, na tulizijaribu mazoezini wiki mbili kabla. Mnaona? Ni mambo ya raba tena.

Magoti. Sitasema sana ila nitasema. Wanawake tunaumia kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume wa mchezo huu huu, na mara nyingi hujagongana na mtu. Umeruka, umetua vibaya, goti limeingia ndani, basi. Siku ya watani timu huingia uwanjani kwa ngoma na picha, na kinachokatwa kupata muda wa picha ni kupasha misuli. Msikubali. Kuchuchumaa, kuruka na kutua kwa miguu miwili magoti yakiwa yametazama mbele, kisha mguu mmoja mmoja. Dakika kumi na tano. Picha mtapiga baadaye mkiwa na sababu ya kucheka.

Na simu. Tambo za WhatsApp zinachosha kuliko mazoezi, amini usiamini. Mwaka wa kwanza nililala saa nane usiku nikiwajibu wapinzani kwa stika. Kapteni wa mwaka wa pili alifunga kundi letu tangu Alhamisi jioni, akabaki yeye tu anayeandika, na alichoandika ni saa ya kukutana. Tulimchukia siku mbili.

Kuhusu ule uwanja wa jioni, mwaka wa pili tuliwaendea wanaume tukaomba siku mbili tufanye mazoezi saa kumi, jua likiwa mahali pake. Wakatupa moja, Jumatano, kwa kreti moja ya soda. Mipira miwili namba 6 tuliazima kwa dada mmoja anayecheza ligi mjini. Presi haikuguswa. Tulicheza ulinzi wetu wa mtu kwa mtu tuliouzoea, na mimi nilivaa raba zangu zilizopauka, kidole gumba kikichungulia kushoto.

Tulishinda, ila si kwa raha kama mnavyofikiri. Mimi na pointi gadi wao tulichezea timu moja ya mkoa kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tumelala bweni moja wiki mbili, tumegawana sabuni. Kila nilipotaka kwenda kushoto alikuwa ameshafika. Kila mara. Nilibadilisha kasi, nikabadilisha mkono, nikajaribu kumwangalia mtu mwingine, bado. Nilimaliza mechi na pointi 3, nikawalisha wenzangu tu.

Usiku tulikutana kituoni, kila mtu na chipsi mayai yake. Nikamwuliza, bibie, unanijuaje? Akacheka mpaka akapaliwa. Akaniambia, "Wewe ukitaka kwenda kushoto unalamba midomo. Tangu fomu four."

Mwaka uliofuata nililamba midomo, nikaenda kulia.