Niliyoyaona kwenye mashine ya kopi

Swali la juma hili linauliza: "Mwananchi aliyekwisha kupiga kura, aandamane ya nini tena?" Anayeuliza hivi huenda anaiona kura kama nauli ya matatu: ukishalipa, kaa kitako, dereva anajua aendako. Basi na apande matatu za huku kwetu aone abiria wanavyogonga bati dereva akikosa njia.

Nina saiba ndogo Kisauni, Mombasa: kompyuta nne, printa moja, na mashine ya kopi inayomeza karatasi kila ikipata moto. Juni 2024 mashine hiyo haikupoa. Vijana walikuwa wakinitumia faili ya Muswada wa Fedha, ule wa kodi za Kenya, lakini hawakutaka kitabu kizima. Walitaka ukurasa wa mkate, uliokuwa utozwe VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Wengine wa gari, asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Wasichana walitaka ule wa ushuru wa mazingira, maana uligusa sodo. Msusi mmoja wa hapo jirani alipigia mistari kwa kalamu ya manjano, akaandika Kiswahili pembeni, akanirudishia nimtolee kopi 30. Kazi hii nimeifanya miaka mingi. Huletewa CV, fomu za kodi, kadi za harusi na matangazo ya mazishi. Muswada wa Bunge sikuwahi kuombwa.

Mtaniambia: kwani hawakuitwa kutoa maoni? Ni kweli, Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Nami nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, cha bajeti, si cha muswada huu, na ofisi iliyokiandaa siitaji. Kitabu kilikuwa kimoja, kinene kama tofali, cha Kiingereza, mbele ya afisa. Mzee mmoja akasimama kueleza mtaro unaofurika mpaka ukumbi wa msikiti. Hata hajafika msikitini akakatizwa: "Ahsante mzee wetu, tumepokea." Tulitia sahihi karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda na mandazi. Nadhani sahihi zile ndizo zilizokuwa zikitakiwa. Mtaro bado unafurika.

Sasa tazama tarehe. Wananchi na vyama vya biashara walikuwa wameshapeleka maoni yao Bungeni wiki kadhaa kabla. Tangazo kwamba kodi ya mkate na ya gari zimeondolewa lilitoka Juni 18, siku ileile vijana walipojaza barabara za Nairobi. Juni 25 wabunge 195 waliupitisha uliobaki, 106 wakaukataa, na waandamanaji wakaingia Bunge lenyewe. Kesho yake rais akasema hautii saini. Kwa hiyo sikubali kwamba maandamano ni kinyume cha demokrasia. Kifungu cha 37 kimeyataja waziwazi, pamoja na haki ya kuwasilisha malalamiko, mradi uende kwa amani na bila silaha. Sheria ya mikutano nayo inamtaka mwandalizi ampe mkuu wa kituo cha polisi notisi, siku 3 hadi 14 kabla. Notisi, si ombi la ruhusa. Neno hili moja tumeliacha lipotoshwe mpaka hata sisi wenyewe tunauliza, "Mmepewa kibali?"

Gharama yake siwezi kuiruka. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliouawa kati ya Juni 18 na Julai 1. Mzazi wa mmoja wao akikuuliza kama ilifaa, usimpe hesabu za VAT.

Lakini kuna jambo nisilokubaliana na vijana wangu. Walijivuna kwamba hawana kabila, hawana woga, hawana kiongozi. Mawili ya kwanza nayavulia kofia, hasa la kabila, kwa sisi tuliokua tukiona maandamano yakifuata mkubwa wa chama. La tatu lilifaa wiki mbili: hakukuwa na mtu wa kumkamata wala wa kumnunua. Baada ya hapo hakukuwa pia na mtu wa kukaa na kamati ya Bunge, kipengele kwa kipengele, watu wakisharudi nyumbani. Na kodi huandikwa hapo. Kelele inaweza kuuangusha muswada, ila hainyooshi hata koma moja ndani yake.

Mahakama nazo zilivutana. Julai 31 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba Bunge lieleze kwa nini maoni ya wananchi limeyachukua au limeyakataa. Yule mzee wa mtaro angeifurahia hoja hiyo. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu, sheria ikarudi mahali pake.

Halafu Novemba ukaja muswada mwingine wa kodi, ukiwa na baadhi ya mambo ya ule uliokataliwa. Disemba 11 ulitiwa saini, na hakuna barabara iliyofungwa. Mashine yangu ilikuwa imepoa kabisa. Muswada ule, ulipokuwa bado Bungeni, niliuchapisha mara moja tu, nakala yangu mwenyewe, nikavuka nao kwenda kwa yule msusi. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi. Akaniuliza maoni yanapelekwa wapi na mwisho wake lini. Nikamwambia siku zimebaki mbili. Akamwomba mteja radhi, akaweka kitana chini, akaniuliza, "Ile kalamu ya manjano unayo?"