Saksafoni ya umeme ya kutengeneza mwenyewe: nasa hewa, achana na shaba

Mleta uzi, nimeona nikuandikie kirefu, maana wengi hapo juu wanakwambia ununue maiki ya kubana kwenye mdomo wa saksafoni, ule mpana wa mbele, na wewe hukuuliza hilo. Umesema unapiga alto kanisani, gitaa na kinanda vinakumeza, na unataka saksafoni yenye umeme wake: kinasa sauti, amplifaya, betri na spika, vyote vikae kwenye chombo chenyewe. Ukauliza kama itatosha kubandika kile kisahani cha baza (piezo, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) kwenye shaba na kukiunga kwenye tundu la aksi (AUX) la spika ya bluetooth. Mimi napiga tenori kwenye bendi ya dansi hapa Dar, na mchana kazi yangu ni ufundi wa redio na amplifaya, kwa hiyo swali lako limenigusa pande zote mbili.

Ukibandika kisahani kwenye shaba, sauti utaipata, ila haitakuwa unayoitaka. Utasikia pedi zinavyogonga, springi zinavyolia, vidole vinavyotembea kwenye vibonyezo, halafu nyuma yake kwa mbali ndiyo saksafoni. Gitaa la umeme linanasa nyuzi, na nyuzi ndizo zinazoimba. Kwenye saksafoni kinachoimba ni hewa iliyofungwa ndani ya bomba. Ule mtetemo unaousikia mkononi ukipiga B flati ya chini ni mabaki tu. Ukinasa shaba unanasa mabaki.

Maiki ya kubana nayo ina shida ambayo watu hawaisemi. Fanya jaribio hili kabla hujalala leo: weka kiganja cha mwenzako mbele ya mdomo wa saksafoni, upige B flati ya chini kabisa, kisha upige C shapu ile ya katikati ambayo vidole vyote vimeachia. Noti ya kwanza ataisikia inamgonga kiganjani, ya pili karibu hakuna kitu. Sauti haitoki mdomoni peke yake, inatokea zaidi kwenye matundu ya kwanza yaliyo wazi. Kwa hiyo maiki iliyobanwa karibu sana na mdomo hupayuka kwenye noti mbili tatu za chini na kufifia kwenye nyingine, na fundi mitambo anabaki anakimbizana na voliumu usiku kucha.

Mahali pekee ambapo noti zote zinapita kwa nguvu ni ndani, karibu na ridi. Huko presha ya sauti ni kubwa mno, desibeli 160 na zaidi ukipuliza kwa nguvu. Hiyo ni faida kubwa kwako, kwa sababu ngoma na besi za jirani zinapoingia ndani ya bomba zinakuwa hazina ubavu mbele ya sauti yako mwenyewe, na mluzi wa spika kurudi kwenye maiki unapungua sana. Lakini maiki za kawaida hazihimili presha hiyo. Kile kidonge cha maiki cha elektreti unachokichomoa kwenye simu mbovu kinaanza kupasua sauti mapema mno. Wapo wanaokitumia kwa kuziba njia na kuacha kitundu chembamba kama sindano, na inawezekana, ila mate na mvuke huziba kitundu hicho katikati ya wimbo. Ndiyo maana hapa mimi nakubaliana na kisahani chako cha piezo. Nachokataa ni mahali ulipotaka kukiweka.

Usianze kwa kutoboa shingo ya saksafoni yako. Tafuta mausipisi (kile kipande cha kuweka mdomoni) ya plastiki ya bei nafuu, zile zinazokuja na saksafoni za Kichina, na ufanyie kazi hiyo. Tobo likae juu, kati ya dirisha la ridi na pale shingo inapoishia ikishazama ndani. Weka alama kwanza kwa kuichomeka mausipisi kwenye koki ya shingo mpaka pale unapokuwa kwenye tyuni, kisha pima kwa kijiti kutoka ndani. Nafasi ni finyu, haizidi upana wa kidole, na ligacha, ile pete inayobana ridi, nayo inataka pa kukaa. Toboa kwa drili ya mkono, taratibu, biti ya milimita 3. Plastiki ikipata moto inayeyuka na tobo linakuwa na midomo.

Bomba la kuingiza humo utalipata kwenye erio ya redio mbovu. Erio za kuvuta nyingi ni shaba iliyopakwa kromu, na kila kipande kina unene wake, kwa hiyo lazima upate kinachoingia kwa kubana. Kata kama sentimita moja, safisha kingo kwa tupa, paka gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa, na ulisukume bomba mpaka iwe sawa na ukuta wa ndani. Isichomoze hata kidogo. Ikichomoza, utasikia noti za juu zinakwaruza. Juu ya bomba weka kikombe kidogo, mimi hutumia kizibo cha kichupa cha dawa kilichopunguzwa kimo, na kisahani kikae juu yake kama kifuniko: upande wa shaba utazame hewa, upande mweupe wenye waya utazame nje. Kibandike kwenye ukingo tu ili katikati pawe huru kucheza. Nyuma pake silikoni nyembamba ya kuzuia jasho. Kikombe kiwe kifupi iwezekanavyo, kwa sababu kila nafasi ya hewa unayoongeza pale ni sawa na kuirefusha mausipisi, na utajikuta uko chini ya tyuni.

Ukimaliza, funga ridi, ziba tundu la nyuma la mausipisi kwa kiganja, vuta hewa kwa mdomo kisha iachie. Ridi ikiganda sekunde moja halafu ikaachia kwa mlio wa "pa!", huna mvujo. Isipoganda, rudi kwenye gundi. Usiendelee na umeme kabla hapo hapajakaa sawa, maana mvujo mdogo tu unaua noti za chini, na utaanza kulaumu saketi ambayo haina kosa.

Wapo watakaokwambia uweke kinasa mbali zaidi chini ya shingo ili kisigombane na ligacha. Sikushauri. Noti za juu zinatumia kipande kifupi cha bomba, na kadiri unavyosogea kuelekea matundu yaliyo wazi ndivyo presha yake inavyopungua. Utapata noti za chini zenye nguvu na za juu zilizopauka.

Tuje kwenye umeme, na hapa ndipo kisahani kilichounganishwa moja kwa moja kwenye aksi kinapokufa. Kisahani cha milimita 27 kina uwezo wa kapasita wa kama nanofaradi 20. Aksi ya spika nyingi ina ukinzani wa kama kiloomu 10. Hesabu yake inakupa mpaka wa hezi 800 hivi: kila kilicho chini ya hapo kinapunguzwa. Noti ya chini kabisa ya alto ni hezi 139. Yaani unabaki na sauti ya kopo. Ukikipa kisahani ukinzani wa megaomu 1, mpaka unashuka hadi hezi 8 na noti zote zinapita.

Kwa hiyo unahitaji bafa, yaani saketi ndogo inayopokea sauti ya kisahani bila kuidhoofisha. Mimi natumia TL072, IC (chipu) ya miguu 8 ambayo Kariakoo huikosi na hata kwenye miksa mbovu imejaa. Rezista ya megaomu 1 kwenye ingizo, rezista mbili za kiloomu 100 za kugawa volti 9 katikati, kapasita ya maikrofaradi 10 kutuliza hapo katikati. Inakula kama miliampea 3 tu, kwa hiyo betri ya volti 9 inakwenda zaidi ya saa 100. Nusu ya kwanza ya IC iwe bafa tu, isikuze kitu. Kukuza si shida yako, kwa sababu kwa presha ile kisahani kinaweza kutoa volti nzima nzima. Ukiona sauti inapasuka hata voliumu ikiwa chini, weka kapasita ya nanofaradi 100 sambamba na kisahani. Sauti itashuka mpaka kama moja ya sita, na besi haitaguswa. Ni njia safi kuliko kuweka rezista.

Nusu ya pili ya IC itumie kunyanyua treble, na hili usilipuuze. Ndani ya bomba sauti ni nzito na imeziba, kwa sababu masafa ya chini yanarudishwa ndani na yale ya juu ndiyo yanayotoka nje kwa urahisi. Mtu aliyekaa kitini anasikia kilichotoka, kinasa chako kinasikia kilichobaki. Nyanyua kuanzia hezi 1,300 kwenda juu. Kati ya mguu wa kuingizia wenye alama ya kutoa (−) na ethi weka kiloomu 10, sambamba nayo nanofaradi 10 ikiwa na kiloomu 2.2 kwa mfuatano, na rezista ya kurudisha iwe kiloomu 22. Usisahau kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya rezista hizo na ethi, kwa kuwa unatumia betri moja. Haitakuwa sawa kabisa na saksafoni isiyo na umeme, nisikudanganye. Itakuwa na sauti yake, nzito kidogo, ya mbele, na ukiizoea utaipenda.

Sasa spika. Najua hapa ndipo moyo wako ulipo, na ndipo napingana nawe. Spika ya inchi 2 yenye LM386, ile IC ndogo ya amplifaya, inatoa kama nusu wati. Saksafoni yako bila umeme wowote ina sauti kubwa kuliko hiyo! Utakuwa umebeba mzigo ambao hausikiki ukianza kupuliza. Ukitaka wati za maana, uweke IC kubwa zaidi, TDA2003 inayofika hadi wati 10, basi unahitaji spika kubwa, betri kubwa na kipoza joto, na vyote hivyo vinaning'inia shingoni mwako kwenye chombo chenye kilo 2 na nusu tayari. Na spika ikitazamana na mdomo wa saksafoni, sauti inarudi ndani ya bomba ile ile unayoinasa, na mluzi uliokuwa umeukwepa unakuja kwa mlango wa nyuma.

Waliotangulia walishafika hapo. Selmer, watengenezaji wa saksafoni, walitoa Varitone mwaka 1965: kinasa kwenye shingo, kisanduku cha swichi na voliumu kwenye mwili wa saksafoni, lakini amplifaya na spika zilikaa pembeni, chini. Wapiga saksafoni wa jazi Eddie Harris na Sonny Stitt waliipiga, na Harris aliifanya kuwa sauti yake kabisa. Yamaha walipotoa YDS-150 mwaka 2020 waliweka spika ndani, lakini ile ni ya kidijitali, ridi yake haitetemeki, kwa hiyo hakuna hewa ya kugombana nayo.

Ushauri wangu ni huu: mausipisi iwe na kinasa, kisanduku cha bafa chenye voliumu na treble ukifunge kwenye kinga ya vibonyezo kwa bendi ya mpira, na amplifaya yenye TDA2003 na betri ya volti 12 ikae kwenye boksi miguuni au begani. Jeki kubwa ya gitaa katikati. Siku kanisa likiwa na miksa, unachomoa boksi na kuchomeka miksa. Bado ni saksafoni ya umeme, na kila kitu umekitengeneza wewe.

Kuna utamu mmoja ukishamaliza hayo. Saksafoni inatoa noti moja kwa wakati, na kinasa cha ndani kinakupa wimbi safi, kwa hiyo unaweza kuligawa kwa mbili kwa IC ya bei ya soda, CD4013, na kupata oktava ya chini. Chuja treble kwanza, pitisha kwenye saketi ya Schmitt ilifanye wimbi liwe la mraba, unganisha mguu wa Q kinyume kwenye D, na hapo kila mizunguko miwili inakuwa mmoja. Varitone nayo ilikuwa na oktava ya chini, na ndiyo iliyowashtua watu. Ukiichanganya kidogo chini ya sauti yako, mtu mmoja anasikika kama anasindikizwa na baritoni. Oktava hiyo peke yake ni kavu kama honi ya bodaboda, kwa hiyo ifanye ifuate nguvu ya pumzi yako: acha transista moja iifungue na kuifunga kadiri unavyopuliza. Mchoro wa sehemu hiyo ni mrefu, nitaupiga picha nikiuweka sawa.

La mwisho, na hili ni la uhai. Umeshika shaba mikononi na kipande kingine kiko mdomoni. Kisanduku kilicho kwenye saksafoni kiendeshwe kwa betri, daima. Usikiunganishe na adapta ya umeme wa volti 230 ya bei rahisi eti betri imeisha, na kabla ya kuchomeka kwenye amplifaya ya mtu mwingine, hakikisha ina ethi ya kweli na si plagi iliyokatwa mguu wa tatu. Nimeshuhudia ukumbini muziki ukisimama kwa sababu ya plagi ya namna hiyo, na mwimbaji aliyekuwa na maiki ya chuma midomoni akarushwa nyuma. Wasiwasi ukibaki, weka transfoma ya sauti ya kutenganisha, yenye uwiano wa 1:1, kati ya bafa na amplifaya.

Anza na mausipisi na lile jaribio la kuvuta hewa. Ukifika kwenye bodi, tuma picha ya upande wa lehemu hapa hapa tuikague kabla hujachomeka betri.