Kabla hujagusa kitambi cha Arkwright, tazama meza

Wiki hii nimesahihisha lebo tano, yaani maandishi ya kueleza picha, za wanagenzi wapya, na tatu zinaanza na kitambi cha Richard Arkwright, tajiri wa viwanda vya pamba wa Uingereza wa karne ya 18, kwenye picha yake ya kuchorwa. Wadogo zangu, kitambi kila mtu anakiona! Nawaandikia kwa sababu nawapenda, na kosa lenyewe nimelipitia.

1. Msichambue picha mkiwa mmeitazama kwenye simu tu. Hii ya mchoraji Joseph Wright wa Derby, ya 1789 hadi 1790, ina kimo cha zaidi ya mita 2.

2. Anzeni na meza. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kuzungumza na wastaafu katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Nikaeleza mkao, nikaeleza wigi, nikamsifu kinyozi wa Preston aliyepewa cheo cha “Sir” mwaka 1786. Nilipofika kwenye kile chombo cha mezani nikasema ni mtambo wa saa, ishara ya mtu anayethamini muda. Sikuwa nimekikagua. Nilikisia, kisha hoja yangu yote nikaijenga juu ya kisio hilo.

Bibi mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono. Akasema zile ni rola za kusokotea, amefanya nazo kazi tangu usichana wake. Akatoa pamba mkobani, akaibana kwa vidole vya mkono wa kushoto, akaivuta taratibu kwa mkono wa kulia mpaka ikawa nyembamba bila kukatika. Jozi ya nyuma huzunguka polepole, akasema, ya mbele huenda mbio, na tofauti hiyo ndiyo inayorefusha pamba kabla ya kusokotwa.

Nikamshukuru. Halafu nikaendelea kusoma habari za saa, kwa kuwa kurasa zangu nne zilizobaki zote zilitegemea saa. Akarudisha pamba mkobani, akafunga zipu. Miaka imepita na mlio wa zipu ile bado naukumbuka. Kutojua rola kungesameheka. Nililomfanyia yeye ndilo linaloniuma.

Na hasara ya kuikosa rola ni kubwa. Rola ndizo moyo wa mashine ya kusokota ambayo Arkwright aliipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1769, ile iliyoendeshwa kwa maji kiwandani kwake pale Cromford kuanzia 1771. Mwaka 1785 mahakama ikamfutia haki zake, baada ya fundi aitwaye Thomas Highs kutoa ushahidi kwamba wazo lilikuwa lake. Miaka michache baadaye Arkwright anaketi achorwe, na rola zilezile ziko ubavuni pake. Picha hiyo inadai kitu, na lebo zenu zimekaa kimya.

3. Historia ya umiliki wa picha iandikeni siku hiyohiyo mnapoipata.

4. Ulizeni nani hayumo. Hawamo watoto waliofanya kazi viwandani mwake, wala watumwa wa visiwa vya Karibi waliolima sehemu ya pamba iliyolisha viwanda vya Uingereza. Wright aliviona viwanda vile: alivichora jinsi vinavyoonekana usiku, madirisha yakiwaka safu kwa safu.

Jumanne leteni lebo upya. Pamba nitakuja nayo mimi, na kila mmoja ataivuta kwa vidole vyake kabla ya kushika kalamu.